Njia nne kwa hesabu, moja kwa kazi: kutatua matatizo ya multipath kwenye seva ya Linux

Seva ilikuwa na njia nne za kwenda kwenye storeji. Nilizihesabu mwenyewe siku tulipoifunga: kadi mbili za faiba, swichi mbili, kontrola mbili. Miezi minane baadaye fundi akazima swichi moja ili abadilishe feni. Tulikuwa tumemhakikishia kwamba hakuna kitakachotokea. Databesi ikasimama hapo hapo. Njia zilizokuwa hai zilikuwa mbili tu, na zote zilipita kwenye swichi aliyoizima. Zile nyingine mbili zilishakufa siku nyingi, na hakuna aliyejua kwa kuwa hakuna aliyetazama.

Tangu siku hiyo, njia ambayo haijawahi kukatwa kwa makusudi naichukulia kama ahadi ya mgombea. Hapa chini ni dalili ninazokutana nazo mara kwa mara, chanzo cha kila moja, na pa kushika. Nazungumzia DM-Multipath ya Linux, inayounganisha njia kadhaa za diski moja kuwa kifaa kimoja, kwa storeji ya faiba na ya iSCSI (inayopita mtandao wa kawaida). Wenye AIX ya IBM nimewawekea maneno machache kabla ya sehemu ya majaribio.

Kabla ya yote, soma multipath -ll taratibu

Watu wengi huitazama amri hii kama wanavyotazama saa ukutani: macho yanapita, akili haipo. Hivi ndivyo inavyoonekana mambo yakiwa sawa:

```
mpatha (3600a0...) dm-2
size=500G features='1 queue_if_no_path' hwhandler='1 alua' wp=rw
|-+- policy='service-time 0' prio=50 status=active
| |- 1:0:0:1 sdb 8:16 active ready running
| `- 2:0:0:1 sdd 8:48 active ready running
`-+- policy='service-time 0' prio=10 status=enabled
  |- 1:0:1:1 sdc 8:32 active ready running
  `- 2:0:1:1 sde 8:64 active ready running
```

Namba kama 1:0:0:1 ni anwani: kadi, chaneli, kontrola iliyo upande wa pili, na LUN (diski ambayo storeji inaigawia seva). Ya kwanza na ya tatu ndizo za kukodolea macho. Kama namba ya kwanza ni 1 kila mstari, njia zako zote zinatoka kwenye poti moja ya seva. Kwa faiba, kama ya tatu haibadiliki, huenda unaongea na kontrola moja tu.

Kundi lenye prio=50 ni la kontrola inayoimiliki LUN kwa wakati huo; lenye 10 linafika kwa kuzunguka, kupitia kontrola ya pili. Hizo ni thamani za ALUA, utaratibu ambao storeji hutumia kuieleza seva njia zipi ni bora. `status=active` ni kundi linalotumika sasa, `enabled` linasubiri zamu yake. Maneno matatu ya mwisho yanatoka kwa watu watatu tofauti: la kwanza ni la device-mapper, la pili la kikaguzi cha njia, la tatu la safu ya SCSI ya kerneli. Yakipingana, mfano `failed faulty running`, kerneli bado inaiona diski lakini kikaguzi kimeuliza kikakosa jibu. Neno `ghost` lisikutishe: ni njia ya kontrola iliyo kwenye hali ya kungoja.

Halafu kuna swali ambalo multipath haiwezi kukujibu: je, poti hizo mbili ni za kadi mbili kweli?

```
ls -l /sys/class/fc_host/
```

Viungo vinavyotokea vina anwani za PCI ndani yake. Ukiona `0000:3b:00.0` na `0000:3b:00.1`, hizo ni poti mbili za kadi moja. Kadi ikifa, njia zote nne zinakwenda nayo. Vivyo hivyo nenda nyuma ya raki ufuatishe kwa mkono waya za umeme za swichi mbili. Nimekuta swichi A na swichi B zimechomekwa kwenye ukanda mmoja wa umeme, zikiwa na lebo nzuri kabisa za A na B.

Dalili: diski zinaonekana mara nne, multipath -ll haisemi kitu

`lsblk` inaonyesha sdb, sdc, sdd na sde, zote za ukubwa mmoja, lakini hakuna mpatha. Anza na lililo rahisi. Kwenye familia ya Red Hat, huduma ya multipathd haiwaki kama faili `/etc/multipath.conf` halipo, na hailalamiki kwa sauti. `systemctl status multipathd` ndiyo itakuambia sharti halikutimia. Amri hii inaliunda faili na kuiwasha huduma:

```
mpathconf --enable --with_multipathd y
```

Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi kinaitwa multipath-tools.

Kama huduma inafanya kazi lakini diski bado zimetawanyika, muulize multipath mwenyewe kwa nini amezikataa: `multipath -d -v3`. Herufi d inamzuia asibadilishe chochote, na v3 inamfanya aongee sana. Tafuta neno blacklisted. Mara nyingi kuna mtu alitaka kuondoa diski ya ndani ya seva, akaandika `devnode "^sd[a-z]"`, akafunga mlango wa nyumba nzima. Diski ya ndani iondoe kwa WWID yake, kitambulisho kisichobadilika. Majina ya sd hayana uaminifu, leo sda ni ya ndani, kesho baada ya kuwasha upya ni ya storeji.

Sababu nyingine ni `find_multipaths`. Ikiwa imewekwa yes, diski yenye njia moja haipewi mpath hadi njia ya pili itokee. Kwa hiyo kukosa mpatha kunaweza kuwa ni ishara kwamba njia ya pili haipo, wala multipath haina kosa.

Kwa mashine pepe za VMware, hakikisha diski ina utambulisho. Amri `/usr/lib/udev/scsi_id -g -u -d /dev/sdb` ikirudi mikono mitupu, multipath haina cha kulinganisha, kigezo `disk.EnableUUID` kwenye mashine hiyo hakijawekwa TRUE.

Dalili: njia ziko pungufu

Mbili badala ya nne, au tatu. Hapa usiguse multipath.conf kabisa. Multipath inaripoti inachokiona. Tatizo liko chini yake. Shuka ngazi moja moja:

```
grep . /sys/class/fc_host/host*/port_state
grep . /sys/class/fc_host/host*/port_name
grep . /sys/class/fc_remote_ports/rport-*/port_state
```

Poti ikisema Linkdown, ni kebo, ni kipokezi cha faiba au ni poti ya swichi. Ikisema Online lakini hakuna poti ya mbali yoyote chini yake, seva imefika kwenye swichi ikakosa wa kuongea naye: hiyo ni zoni, yaani orodha ya swichi ya nani aruhusiwe kuongea na nani. Ikiwa poti ya mbali ipo na LUN haipo, storeji haijairuhusu WWPN hiyo (namba ya utambulisho wa poti ya kadi) kuiona LUN.

Kilichotuua sisi kilikuwa zoni. Kadi ya pili iliharibika, ikabadilishwa chini ya dhamana, taa ya kijani ikawaka, fundi akaondoka. Kadi mpya huja na WWPN mpya. Zoni kwenye swichi na ruhusa kwenye storeji zilikuwa bado zinamsubiri marehemu. Hakuna kosa lolote lililoandikwa popote, kwa kuwa kwa mtazamo wa kila kifaa hapakuwa na kosa.

Ukisharekebisha, huna haja ya kuwasha seva upya:

```
echo "- - -" > /sys/class/scsi_host/host2/scan
```

Kuhusu kebo zenyewe: kabla ya kuagiza mpya, safisha. Ncha ya LC ni nyembamba kuliko punje ya mchele, na mwanga unapita katikati yake kwenye kiini cha mikroni 50. Kidole kikiigusa mara moja, mafuta ya ngozi yanatosha kuutawanya mwanga. Kwenye vyumba vya seva vyenye vumbi, na vyetu vingi vina vumbi, vile vifuniko vidogo vya plastiki ambavyo mafundi huvitupa sakafuni ndivyo vinavyookoa poti zisizotumika. Kama kebo inaleta mashaka, soma `/sys/class/fc_host/host1/statistics/`: mafaili `invalid_crc_count`, `loss_of_sync_count` na `link_failure_count`. Namba zimeandikwa kwa mfumo wa 16, zikianza na 0x. Ukubwa wake si hoja, kwani zinahesabu tangu seva iwake. Andika leo, rudia kesho, tazama kama zimepanda.

Dalili: kebo imekatika, seva imeganda dakika mbili, kisha imeendelea kama kawaida

Hii ndiyo inayozua ugomvi mkubwa zaidi kati ya watu wa seva na watu wa databesi. Wa seva anasema njia ilihama vizuri, tazama, hakuna faili lililopotea. Wa databesi anasema wateja wote walitupwa nje. Wote wawili wana haki. Kuhama kulifanyika, lakini kabla yake kila safu ilisubiri kwa muda wake, na subira hizo zinajumlishwa.

Kwa faiba, kiungo kikikatika kerneli haitangazi kifo papo hapo. Inaisimamisha poti ya mbali na kuyashikilia maombi, ikitumaini atarudi. Muda wa `fast_io_fail_tmo` ukiisha, maombi yanarudishwa kwa multipath, naye anayapeleka njia nyingine. Muda mrefu zaidi, `dev_loss_tmo`, ukiisha, diski yenyewe inafutwa kwenye mfumo. Chaguo-msingi la multipath-tools kwa huo wa kwanza ni sekunde 5. Balaa ni pale unapokuwa `off`: maombi yatashikiliwa hadi `dev_loss_tmo` iishe, na hiyo inaweza kufika sekunde 600. Dakika kumi. Tazama thamani iliyo hai, usiamini faili:

```
grep . /sys/class/fc_remote_ports/rport-*/fast_io_fail_tmo
grep . /sys/class/fc_remote_ports/rport-*/dev_loss_tmo
```

Hiyo ni kwa kebo iliyokatika kweli. Kebo mbovu ni adui mwingine, maana taa inawaka na fremu zinapotea. Kerneli haina habari ya kukatika, kwa hiyo kila ombi linangoja muda wake kamili, kwa kawaida sekunde 30 (`/sys/block/sdb/device/timeout`). Baada ya hapo linaanza zoezi la kulifuta ombi, kuiweka upya diski, kisha kontrola, kisha kadi, na kila hatua ina kusubiri kwake. Zoezi hilo halina kikomo mpaka ukiweke mwenyewe kwenye `/sys/class/scsi_host/host1/eh_deadline`, ambacho huja kikiwa off. Ndiyo maana kebo iliyokatika nusu inasumbua kuliko iliyochomoka.

Kwa iSCSI, mpango unaanza na salamu: seva inatuma noop kila sekunde 5, inangoja jibu sekunde 5 nyingine. Asipojibu, kikao kinahesabiwa kimevunjika, na hapo ndipo `replacement_timeout` inapoanza kuhesabu: 120 kwa chaguo-msingi la open-iscsi. Jumla ni kama sekunde 130 za seva kukodoa macho. Ukiwa na multipath, iweke 5:

```
node.session.timeo.replacement_timeout = 5
```

Mtego uko hapa. Mstari huo kwenye `/etc/iscsi/iscsid.conf` unawahusu wale watakaogunduliwa baadaye. Storeji ulizokwisha kuzigundua zina kumbukumbu zao, na zitaendelea na 120 hadi uzibadilishe kwa `iscsiadm -m node -o update -n node.session.timeo.replacement_timeout -v 5`, kisha kikao kifungwe na kufunguliwa. Juu ya hilo, multipathd ya siku hizi huichukua `fast_io_fail_tmo` yake na kuiandika juu ya thamani ya kikao. Kwa hiyo faili moja linaweza kusema 120, jingine 5, na ukweli uko `/sys/class/iscsi_session/session*/recovery_tmo`. Soma hapo.

Usishushe hadi sekunde 1 kwa kutaka sifa. Swichi ikikohoa kidogo, seva zako zote zitahama kwa pamoja, na storeji itapokea msongamano ambao haukuwa na sababu. Na ukiwa na klasta, hesabu za juu yake lazima ziwe ndefu kuliko za chini: Oracle Clusterware huvumilia diski ya kura kimya kwa sekunde 200, kama njia inachukua 210 kuhama, nodi inajiua ikiwa bado na njia nzima.

Dalili: kila kitu kimekwama, load average ni 80, CPU imelala

`ps` inaonyesha michakato katika hali ya D, `kill -9` haifui dafu, `df` yenyewe ikigusa diski hiyo hairudi. Kwenye `dmesg` kuna "blocked for more than 120 seconds". Njia zote zimekufa na multipath ameambiwa apange foleni bila kikomo: `no_path_retry queue`.

Kama kweli storeji haitarudi leo na unahitaji kuiokoa seva:

```
multipathd disablequeueing map mpatha
```

Maombi yote yaliyokuwa kwenye foleni yatarudi na makosa, mfumo wa faili utajifunga, na utaweza kuushusha. Data iliyokuwa inangoja kuandikwa imekwenda. Usiipige amri hii kwa hasira huku fundi akiwa amebakiza dakika tano kuwasha kontrola.

Kinyume chake kipo pia: `no_path_retry fail`. Njia zote zikipotea kwa sekunde tatu tu, ext4 inageuka ya kusoma pekee, au XFS inajizima, na unaamka kwenye fsck. Mimi huchagua namba. `no_path_retry 12` na `polling_interval 5` ni majaribio 12 ya sekunde 5, yaani dakika moja ya subira baada ya njia ya mwisho kufa, kisha makosa. Mwenye klasta aipunguze, ili nodi isiyo na diski ijitoe haraka. Mwenye storeji ambayo kontrola zake huchelewa kuwaka baada ya kubadilishwa programu aiongeze. Kumbuka pia kwamba anayehesabu majaribio ni multipathd. Akiwa amekufa, hakuna anayehesabu, na 12 inageuka kuwa milele.

Kabla hujaondoka kwenye mada hii: umeandika `no_path_retry 12` kwenye sehemu ya `defaults`, umeanzisha huduma upya, na seva bado inapanga foleni bila mwisho. Hujakosea tahajia. Multipath huja na jedwali lake la ndani la storeji za watengenezaji mbalimbali, na jedwali hilo lina nguvu kuliko `defaults` yako. Yenye nguvu zaidi ni sehemu ya `overrides`, au `devices` uliyoiandika mwenyewe kwa storeji hiyo:

```
overrides {
    no_path_retry 12
    fast_io_fail_tmo 5
}
```

`multipathd show config` itakuonyesha kinachotumika kweli. Jambo hili moja limenila saa nyingi kuliko mengine yote humu.

Dalili: kasi inapanda na kushuka, storeji inalalamika LUN zinahamahama

Njia zote ziko hai. Lakini kwenye logi za storeji, LUN ile ile inahama kontrola A kwenda B na kurudi, mara kwa mara. Chanzo cha kwanza ni `path_grouping_policy multibus` kwenye storeji isiyo na usawa. Multibus huzirundika njia zote kundi moja na kuzigawia kazi sawa, wakati nusu yake zinapita kwa kontrola isiyoimiliki LUN. Baadhi ya storeji, zikiona maombi mengi upande wa pili, huhamisha umiliki. Weka `group_by_prio` pamoja na `prio alua`, kisha angalia kama prio zimetofautiana. Zikiwa sawa makundi yote kwenye storeji ambayo si sawa pande zote, ALUA huenda haijawashwa kwa seva hiyo kwenye storeji yenyewe.

Chanzo cha pili kina nodi mbili. Nodi ya kwanza imepoteza njia za kontrola A, kwa hiyo inaivuta LUN kwenda B. Nodi ya pili inaiona A vizuri, na ina `failback immediate`, kwa hiyo inairudisha. Wanavutana kama watoto na shuka. Weka `failback followover` au `manual`, halafu kaiponye nodi ya kwanza.

Dalili: njia inakufa na kufufuka kila dakika chache

Logi zimejaa "failed path" na "reinstated" za njia ileile. Kila ikifufuka multipath anaipa kazi, kila ikifa maombi yanaganda. Jambo la haraka ni kuiweka kando kwa mkono:

```
multipathd fail path sdd
```

Ukiifanya hivi, kikaguzi kinazimwa kwa njia hiyo. Haitajirudisha hadi uandike `multipathd reinstate path sdd`. Iandike mahali, vinginevyo ndiyo inayokuwa njia mfu ya miezi minane. Kwa muda mrefu zipo `marginal_path_err_sample_time` na ndugu zake tatu, ambazo humwezesha multipathd kuitenga njia yenye makosa ya mara kwa mara peke yake. Ni nzuri, ila kebo bado ni mbovu.

Dalili: baada ya kuwasha upya, LVM imeng'ang'ania /dev/sdb

`pvs` inaonyesha `/dev/sdb` mahali palipopaswa kuwa `/dev/mapper/mpatha`, na multipath akijaribu kuichukua anaambiwa kifaa kina shughuli. Seva inafanya kazi, kila mtu ana furaha, lakini iko kwenye njia moja. LVM, inayogawa na kuunganisha diski, iliwahi ndani ya initramfs (mfumo mdogo wa kuwashia seva), kabla multipath hajaamka. Hakikisha `multipath_component_detection = 1` kwenye `lvm.conf`, weka kichujio kama bado unatumia vichujio, kisha jenga upya initramfs:

```
global_filter = [ "a|/dev/mapper/mpath.*|", "r|.*|" ]
dracut --force --add multipath
```

Kichujio hicho kinakataa hata diski ya ndani. Kama mfumo wako mkuu uko kwenye LVM ya diski ya ndani, iruhusu kwanza, la sivyo seva haitawaka. RHEL 9 hutumia orodha ya `/etc/lvm/devices/system.devices` badala ya vichujio, kwa hiyo tazama humo. Kwenye Debian na Ubuntu ni `update-initramfs -u`, na kuna kifurushi cha pembeni, multipath-tools-boot, kwa wanaowasha kutoka storeji.

Kila ukibadilisha multipath.conf, ijenge initramfs upya. Ndani yake kuna nakala ya faili hilo, na nakala ya zamani ndiyo inayosomwa wakati wa kuwaka.

iSCSI: njia mbili, lakini trafiki yote iko kwenye waya mmoja

Umeweka kadi mbili za mtandao kwenye mtandao mdogo mmoja. Linux, isipoambiwa vinginevyo, hujibu ARP (swali la mtandao la nani mwenye anwani fulani) ya anwani yoyote kupitia kadi yoyote, na hutoa pakiti kupitia kadi iliyotangulia kwenye jedwali la njia. Kwa hiyo ukichomoa waya mmoja, vikao vyote viwili vinakufa. Ukichomoa mwingine, hakuna kinachotokea. Dawa safi ni mitandao midogo miwili, mmoja kwa kila swichi. Kama storeji haikuruhusu, kuna `arp_ignore=1`, `arp_announce=2` na `rp_filter=2`, pamoja na kukifunga kila kikao kwenye kadi yake kwa `iscsiadm -m iface`.

Na kama kuingia kunafaulu lakini kusoma data kunaganda, pima fremu kubwa: `ping -M do -s 8972` kwenda storeji. Hiyo ni 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa. Ikishindwa, swichi moja katikati bado iko 1500.

Wenye AIX

Dalili ni zilezile, majina yanabadilika. `lspath` ndiyo multipath -ll yenu. Kosa ninaloliona zaidi ni diski za vSCSI zenye `hcheck_interval` (muda kati ya ukaguzi wa njia) 0: VIOS moja (seva pepe inayogawa diski) ikizimwa kwa matengenezo na kurudi, njia inabaki Failed kwa kuwa hakuna anayeikagua, na siku VIOS ya pili inapozimwa, seva inakwenda nayo. Wekeni 60. Kwenye fscsi (poti za faiba), `fc_err_recov=fast_fail` na `dyntrk=yes`; matoleo ya zamani hayaji nazo.

Kukata kwa makusudi

Chagua saa ambayo wenye mfumo wamekubali, kwa maandishi. Fungua dirisha moja, uache hii ikizunguka juu ya mfumo wa faili ulio kwenye mpatha:

```
while :; do
  date +%T
  dd if=/dev/zero of=/data/jaribio bs=4k count=1 \
     oflag=direct conv=notrunc 2>/dev/null
  sleep 1
done
```

Dirisha la pili, `journalctl -fu multipathd`. Halafu zima poti ya seva kwenye swichi A, au chomoa kebo. Tazama saa zinazochapwa: 14:02:11, 14:02:12, kisha kimya, kisha 14:02:19. Pengo hilo, toa sekunde moja ya sleep, ndiyo namba utakayompa mtu wa databesi. Kwa faiba yenye mipangilio ya hapo juu, natarajia sekunde chache. Ikizidi 30, rudi kwenye zile thamani za `/sys`.

Rudisha kebo. Sasa ngoja. Kikaguzi hupunguza kasi ya kukagua njia zilizotulia, na poti ya faiba ina salamu zake za kujisajili kwenye swichi. Watu huharibu jaribio hapa: wanarudisha ya A, wanaona taa ya kijani, wanachomoa ya B, na seva inaganda. Usiiguse B hadi amri hii irudishe 4 kwa kila diski:

```
multipathd show maps raw format "%n %N"
```

`%N` ni idadi ya njia hai. Mstari huohuo niliuweka kwenye cron ya kila dakika tano, ukituma ujumbe kwenye simu ya mwenye zamu namba yoyote ikishuka chini ya 4. Wiki ya pili ulituma ujumbe saa tatu asubuhi, mpatha 2, mpathb 2. Nilikwenda chumba cha seva nikamkuta mtu wa kamera za ulinzi amechomoa kebo ya rangi ya samawati ili apate nafasi ya kupitisha ya kwake.